Tangi Linapodai Halijajaa

Msikilizaji, viwandani mwetu kuna swali linaloulizwa kila zamu na kujibiwa kwa haraka kupita kiasi: tangi hili lina kiasi gani ndani? Kiwanda cha sukari kinauliza kuhusu molasi, mtambo wa kusafisha maji unauliza kuhusu maji na shabu iliyoyeyushwa, bohari ya mafuta inauliza kuhusu dizeli na petroli. Kwa miaka mingi jibu lilipatikana kwa mtu kupanda ngazi, kufungua mfuniko na kutumbukiza fimbo ya kupimia. Siku hizi jibu linazidi kutolewa na kihisi kinachofungwa juu ya paa la tangi, kisichogusa kilichomo, kinachotuma chini sauti isiyosikika na sikio la binadamu na kusubiri mwangwi wake. Ni kifaa kizuri, nami nakiunga mkono. Ugomvi wangu ni na namna kinavyochaguliwa. Katalogi inafunguliwa, macho yanakimbilia umbali wa juu wa kupima na bei, tangi la mita 6 linapewa kihisi cha mita 8, na biashara imekwisha. Hoja yangu leo ni kwamba kihisi cha aina hii huchaguliwa kwa kutazama kilichopo juu ya kimiminika kuliko kimiminika chenyewe. Anayelipuuza hilo hapati kipimo kibovu tu. Mara nyingi anapata kipimo kinachokosea upande wa hatari, upande wa kusema tangi bado lina nafasi wakati linakaribia kufurika.

Tuone kwanza kifaa kinavyofanya kazi, maana hoja yote imesimama hapo. Ndani yake kuna kipande cha kauri maalumu kinachotetema kikipitishiwa umeme, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, juu ya mitetemo 20,000 ambayo ndiyo mwisho wa sikio letu. Kinapiga mlio mfupi, kinanyamaza, kisha kinasikiliza. Mlio unashuka, unagonga uso wa kimiminika, unarudi. Kifaa kinahesabu muda uliopita, kinauzidisha kwa mwendo wa sauti, kinagawa kwa mbili, na hapo kinapata umbali kutoka kilipo hadi usoni mwa kimiminika. Hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kimiminika kilicho mita 5 chini hurudisha mwangwi baada ya milisekunde 29 hivi. Umbali huo ukitolewa kwenye kimo cha tangi, kinabaki kina cha kilichomo. Sasa angalia kimiminika kimechangia nini katika hesabu hiyo: kurudisha sauti, basi. Na katika kurudisha sauti vimiminika vyote ni hodari, kwa sababu sauti iliyoko hewani karibu haiingii kabisa ndani ya maji wala mafuta. Ndiyo maana mama mjamzito anayepigwa altrasaundi hospitalini hupakwa jeli tumboni. Pasipo jeli, hewa kidogo iliyobaki kati ya kifaa na ngozi ingetosha kuizuia sauti isipenye. Basi molasi, maji, dizeli, maziwa, kwa kihisi vyote ni sakafu tu. Kinachopimwa hasa ni safari ya sauti ndani ya ule uwazi wa juu, na uwazi huo si mtupu hata siku moja.

Chukua kiwanda kinachotengeneza spiriti kutokana na molasi. Hamira inakula sukari na kutoa pombe pamoja na kabonidioksidi, gesi nzito kuliko hewa, ambayo ndani ya tangi lililofunikwa huisukuma hewa nje na kushika nafasi yake. Katika kabonidioksidi yenye nyuzi 30, sauti hujikokota kwa mita zipatazo 272 kwa sekunde, ilhali katika hewa ya joto hilohilo ingekwenda mita 349. Kihisi hakijui. Kimefundishwa hewa, kinahesabu hewa. Tuseme uwazi uliobaki ni mita 2 na wote umejaa gesi hiyo: mwangwi utachelewa, na kifaa kitatafsiri kuchelewa huko kuwa ni umbali, kitangaze kwamba uwazi ni mita 2.57. Mwendeshaji kwenye chumba cha udhibiti anaona nafasi ya zaidi ya nusu mita ambayo haipo. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, nao huipunguza sauti mwendo, na ubaya wake zaidi ni kwamba kiasi chake hubadilika kutwa nzima kwa kadiri jua linavyopanda na mafuta yanavyoingia na kutoka. Kosa lisilobadilika lingeweza kurekebishwa mara moja likaisha, hili linacheza. Zipo gesi zinazokwenda kinyume, methani kwa mfano, ambayo huikimbiza sauti na kulifanya tangi lionekane limejaa kuliko lilivyo. Kosa la namna hiyo linaudhi, lakini halimwagi kitu.

Muuzaji atakujibu kwamba kifaa chake kina kipimajoto ndani na kinajirekebisha chenyewe. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi tunaoishi kwenye jua. Mwendo wa sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila joto linapopanda nyuzi moja, na kweli kihisi chochote cha maana hupima joto na kulitia kwenye hesabu. Lakini kinapima joto la wapi? La pale kilipo, juu ya bati, na si la safu nzima ya hewa iliyoko chini yake. Tangi la chuma pale Kurasini au Changamwe, saa nane mchana, paa lake halishikiki kwa mkono, huku hewa iliyo karibu na kimiminika imetulia na joto lake la kawaida. Kihisi kikiamini kwamba safu nzima ina nyuzi 50 wakati wastani wake ni 30, na uso wa kimiminika uko mita 5 chini, kitasoma kama mita 5.17. Sentimita 17 zinaonekana ndogo hadi uzizidishe kwa upana: katika tangi lenye kipenyo cha mita 10 hizo ni zaidi ya lita 13,000. Tena tazama kosa limeangukia wapi. Umbali umezidishwa, kina kimepunguzwa, tangi linadai lina nafasi. Dawa yake si ghali: kivuli cha bati juu ya kihisi, au kipimajoto cha pembeni kinachoshushwa ndani ya uwazi wenyewe. Kinachoshangaza ni kwamba kivuli hicho cha fedha kidogo hakimo kwenye oda nyingi za kifaa cha fedha nyingi.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu hutokea dakika ile ile ambayo kifaa kinahitajika zaidi. Kauri ikishapiga mlio haitulii papo hapo. Huendelea kutetema kidogo, na katika muda huo haiwezi kusikia. Matokeo yake kila kihisi kina eneo la upofu mbele ya uso wake, kwa kawaida kati ya sentimita 20 na 50 kwa vifaa vya matangi ya kadiri. Kimiminika kikipanda kikaingia eneo hilo, mwangwi wa kwanza humezwa na mtetemo. Lakini sauti haiishii hapo. Inagonga uso wa kihisi au paa, inashuka tena, inarudi mara ya pili, na safari hii kihisi kimeshatulia, kinaisikia. Kimiminika kiko sentimita 25 chini ya kihisi, kifaa kinatangaza 50. Pampu inaendelea kusukuma. Watengenezaji wanalijua hilo na wameandika programu za kulitambua, nyingine nzuri kabisa, lakini ulinzi wa kweli ni wa fundi na mashine ya kuchomelea: kihisi kinyanyuliwe juu ya shingo fupi na pana, ili kimiminika kisifike kwenye eneo la upofu hata tangi likijaa hadi ukomo wake. Shingo ikiwa ndefu na nyembamba, sauti itagonga kuta zake na kurudisha miangwi ya uongo, na umetoka kwenye tatizo moja ukaingia jingine. Hata katikati ya paa la kuba si mahali pema, kwa kuwa kuba hukusanya miangwi na kuirudisha mara mbili mbili. Wala ubavuni kabisa hapafai, maana mlio hutanuka kadiri unavyoshuka na utagonga ngazi, mabomba ya kuingizia na mishono ya kuchomelea. Aliyechora tangi bila kufikiria haya amekwisha kumchagulia mnunuzi kihisi kibaya, hata kama bado hakijanunuliwa.

Gesi nzito, paa la moto, eneo la upofu: vyanzo vitatu visivyohusiana, na vyote vinasema neno moja, kwamba bado hakujajaa. Ndiyo sababu siwezi kukubali kihisi hiki, hata kilichochaguliwa kwa uangalifu wote, kiachwe peke yake kuwa mlinzi wa tangi lisifurike. Ushahidi wa gharama ya kuamini geji moja upo, na haukutoka kwenye nchi maskini. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Desemba 2005, tangi namba 912 katika bohari ya mafuta ya Buncefield, karibu na Hemel Hempstead nchini Uingereza, lilikuwa likijazwa petroli kwa bomba. Saa 9 na dakika 5 usiku kipimo cha kina kiliganda. Mafuta yakaendelea kuingia, skrini ikaendelea kuonyesha namba ile ile. Saa 11 na dakika 37 alfajiri tangi lilianza kumwagika kutoka juu, na zaidi ya lita 250,000 zikatoka. Saa 12 na dakika moja mvuke ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa, na kwamba hakufa mtu ni kwa sababu ilikuwa Jumapili alfajiri na ofisi za jirani hazikuwa na watu. Geji ile haikuwa ya sauti, ilikuwa ya aina nyingine kabisa, na silitaji tukio hili ili kuisingizia sauti. Nalitaja kwa sababu uchunguzi ulionyesha kwamba geji hiyo ilikuwa imeganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka huohuo, na kazi ikaendelea.

Tena Buncefield ilikuwa na kinga ya pili. Juu ya tangi kulikuwa na swichi ya ukomo wa juu, iliyojitenga na geji, iliyopaswa kupiga kengele na kufunga mafuta. Haikufanya kazi. Swichi ile ilikuwa na mkono mdogo wa kuijaribia, na mkono huo ulihitaji kufuli ili ukae katika nafasi ya kazi. Kufuli halikufungwa. Waliohusika na swichi walidhani kufuli ni la kuzuia wachokozi tu, na hawakuelewa kwamba bila hilo swichi inaweza kuwa imelala. Nimekaa kidogo hapo kwa makusudi, kwa sababu wapo watakaosema kwamba swichi ya pili ni gharama isiyo ya lazima pale ambapo tayari kuna kihisi cha kisasa chenye kengele zake. Kengele inayotokana na namba ya kihisi haiwezi kujua kwamba namba ni ya uongo. Itanyamaza kwa imani ileile waliyo nayo waendeshaji. Swichi iwe na njia nyingine ya kuhisi, iwe na waya wake, na ijaribiwe ikiwa mahali pake pa kazi. Gharama yake ilinganishwe na gharama ya kuzoa kilichomwagika.

Pingamizi zito zaidi ni la wahandisi wenyewe. Wanauliza: kwa nini tuhangaike na sauti wakati rada ipo? Mawimbi ya rada husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwayo mvuke, kabonidioksidi, joto la paa, vyote ni kama havipo. Rada za kizazi cha karibuni, zinazotumia mawimbi ya gigahezi 80, zina mwali mwembamba unaopita kando ya ngazi na mabomba bila kuyagusa, na bei yake imeshuka sana ikilinganishwa na ilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Rada inaweza hata kupima kupitia paa la tangi la plastiki bila kutoboa tundu, jambo ambalo sauti haiwezi. Pingamizi hili nalikubali sehemu kubwa. Kwa tangi la petroli, kwa tangi la uchachushaji, kwa asidi inayofuka, kwa chochote kilicho katika ombwe ambamo sauti haisafiri kabisa, nasema wazi kwamba kihisi cha sauti kimeshindwa na kisinunuliwe. Wala mwenye petroli asidhani kwamba kununua rada kumemaliza kazi: kifaa chochote kinachofungwa mahali penye mvuke unaoweza kulipuka lazima kiwe na cheti cha kutumika mahali hapo, na kama mafuta yanauzwa kwa kipimo hicho, Wakala wa Vipimo wana neno lao.

Nisilolikubali ni hitimisho kwamba sauti imepitwa na wakati kila mahali. Mahali ambapo uwazi wa juu ni hewa kweli, kihisi cha sauti bado ni chaguo la busara, na mahali hapo ni pengi kuliko tunavyodhani. Bwawa la majitaka lililo wazi, tangi la maji safi mlimani, mfereji wa kupimia mtiririko kwenye mtambo wa maji, tangi la shabu, la chumvi, la dizeli baridi lenye matundu ya hewa: humo kosa la joto linadhibitika kwa kivuli, kosa la gesi halipo, na kinachobaki ni kifaa rahisi ambacho fundi wa zamu anakielewa na kukibadilisha bila kumwita mtaalamu kutoka nje. Kwenye majitaka faida ya kutogusa ni kubwa kupita kiasi. Kijiboya hunasa matambara na mafuta, kihisi cha mgandamizo kilichozamishwa huvaa tope, na cha juu kinabaki safi. Molasi ipo katikati. Ikiwa imetulia tangini kwa ajili ya kuhifadhiwa, sauti inaitosha na inalishinda boya linalonata. Ikianza kuchacha, rudi kwenye kabonidioksidi tuliyoizungumzia. Mafuta ya alizeti yanayopashwa moto yana kasoro yake ndogo: mvuke hupanda na kuganda matone kwenye uso wa kihisi, na matone hayo huidhoofisha sauti kabla haijatoka. Povu nalo halina msimamo. Povu zito hurudisha sauti kana kwamba ndilo kimiminika. Povu jepesi huinyonya, na mwangwi haurudi kabisa.

Na mwangwi usiporudi, kifaa kinasema nini? Hili halimo kwenye ukurasa wa mbele wa katalogi, lakini limo kwenye mipangilio, na vihisi vingi humpa mwenyewe uchaguzi. Kihisi hupeleka kipimo chake kwa mkondo wa umeme, kwa kawaida miliampea 4 tangi likiwa tupu na 20 likiwa limejaa. Mwangwi ukipotea kinaweza kuamriwa kishuke chini ya 4, au kipande juu ya 20, au kishikilie kipimo cha mwisho kilichokuwa sahihi. Hilo la mwisho linapendwa kwa sababu halisumbui: hakuna kengele za ovyo povu likipita, zamu inalala. Lakini kipimo kilichoshikiliwa ni namba iliyosimama wakati mafuta yanapanda, na tumeshaona tangi 912 liliishia wapi na namba iliyosimama. Kwenye tangi linalojazwa kwa pampu mimi ningeamuru kipotee kwa kelele, kipande juu ya 20 na kuifunga pampu, watu walalamike. Kushikilia kwa sekunde chache ili povu lipite ni sawa. Kushikilia bila ukomo ni kumnyamazisha shahidi.

Watakuwepo wanaosikiliza haya wakisema, basi turudi kwenye fimbo yetu, ilikuwa haina kauri wala mipangilio. Fimbo ni shahidi mzuri na isitupwe; kihisi chochote kilinganishwe nayo kinapofungwa, tangi likiwa tupu, nusu na karibu kujaa, na baadaye kila kipindi, ikiwezekana mchana wa jua kali na tena alfajiri, ili kosa la joto lionekane kwa macho. Lakini fimbo humtaka mtu afungue mfuniko wa tangi lenye mvuke wa sumu au asidi, akiwa amesimama juu ya paa linaloteleza, usiku, mvua ikinyesha, na humpa kipimo cha dakika moja tu kati ya zamu nzima. Hatuwezi kumdai mtu hivyo wakati kifaa kipo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa ununuzi, mwite mwendeshaji wa tangi kabla hujaandika oda, si muuzaji. Muulize juu ya kimiminika kuna nini saa nane mchana na saa nane usiku, kinachacha au kinafuka, kinatoa povu lini, na kijazapo kabisa kinafika sentimita ngapi chini ya paa. Majibu hayo ndiyo yaandikwe kwenye oda, mbele ya urefu wa tangi na mbele ya bei. Na swichi ya ukomo wa juu ikishafungwa, ijaribiwe mahali pake, kisha tarehe na jina la aliyeijaribu viandikwe kwenye kibao ubavuni mwa tangi, ambapo kila anayepanda ngazi ataviona.